Kuchagua Kuku wa Mayai kwa Jeni na kwa Daftari: Hatua kwa Wafugaji wa Mtwara na Lindi

Kuku wetu wa huku kusini kutaga wanataga, tatizo ni sisi tunachinja na kuuza walewale waliotakiwa kubaki. Angalia msimu wa unyago ukifika, au malipo ya korosho yakitoka na bei ya kuku ikapanda, jogoo wa kwanza kukamatwa ni yule mkubwa aliyejaa, tetea anayeingia kwenye tenga la mchuuzi ni yule mwenye afya aliyeanza kutaga mapema, alafu wanaobaki bandani kuzaliana ni wale mnunuzi aliowakataa. Fanya hivo mwaka baada ya mwaka, hapo unachagua mbegu kabisa, ila unachagua kinyume.

Hatua hizi ni za mtu mwenye kuku kuanzia ishirini hivi kwenda juu, awe Mikindani, Newala, Nyangao au Nachingwea, anayetaka vizazi vijavyo vitage kuliko hiki cha sasa. Siku hizi watu wanauliza sana kuhusu vipimo vya jeni, kwamba unachukua tone la damu ya kifaranga, maabara inakwambia huyu atataga sana, huyu muuze. Vipimo vipo kweli na nitavieleza huko chini, lakini niseme mapema ninachoamini: alama ya jeni, yani ile ishara maabara inayoisoma kwenye damu, bila daftari la mayai ni karatasi tu. Ndo mana daftari nimeliweka mbele na maabara nimeiweka nyuma.

Hatua ya 1: Amua mayai ni ya nini

Tetea wa kienyeji anayejitafutia chakula anataga mzunguko wa mayai 10 mpaka 15 hivi, anaatamia siku 21, analea vifaranga, ndo anarudi kutaga tena, kwa mwaka anazunguka kama mara tatu au nne na jumla yake mara nyingi inaangukia kwenye mayai 40 hadi 60. Kuku wa kisasa wa mayai anapita 300 kwa mwaka. Sehemu ya hiyo tofauti ni kuatamia, yani yule wa kisasa amechaguliwa vizazi na vizazi mpaka hamu ya kulalia mayai imemtoka.

Sasa kabla hujasema na mimi nataka hivyo, jiulize vifaranga utawatoa wapi. Kama huna inkubeta, au unayo na umeme wenyewe unaujua, ukiondoa kila tetea anayeatamia umejifungia njia. Ushauri wangu gawa makundi mawili: kundi dogo la walezi, wanaoatamia vizuri na kulinda vifaranga dhidi ya mwewe na kicheche, na kundi la mayai ambalo ndo utalifanyia uchaguzi mkali. Mayai ya kundi la pili unawawekea wale wa kundi la kwanza wakalalie.

Hatua ya 2: Sawazisha mazingira kwanza

Hapa wengi wanaparuka. Tetea mwenye jeni nzuri akiwa na minyoo, hana chokaa na anakunywa maji ya jana, atataga kama asiye na kitu, kwahiyo ukimpima unapima njaa yake, sio jeni zake. Chanjo ya kideri aina ya I-2 ni tone moja kwenye jicho, rudia kila miezi mitatu, na usikubali kuruka hata zamu moja, mana kideri kikipita kinabeba daftari lako lote na ukoo wote. Ndui nayo chanja.

Chakula cha kutagia kinatakiwa kiwe na protini asilimia 16 hadi 18 na kalisiamu karibu asilimia 3.5 hadi 4. Kwetu vitu vipo: mashudu ya ufuta na ya alizeti, pumba, dagaa, makombe ya pwani yaliyotwangwa. Mashudu ya karanga ukiyaona na ukungu achana nayo kabisa, ile sumu ya ukungu inaua ini la kuku na mayai yanashuka hujui kwanini.

Mwanga pia. Huku tuko nyuzi 10 hivi kusini ya ikweta, siku yetu ndefu kabisa, Desemba, ina kama saa 12 na nusu za mwanga, na Juni inashuka hadi saa 11 na nusu hivi. Kuku wa mayai anataka saa 14 mpaka 16 ili ubongo uendelee kuamrisha mayai yatengenezwe. Kama una taa ya sola ongeza masaa hayo alfajiri, kwa wakubwa tu, mitemba bado wanaokua waache na mwanga wa kawaida. Na ukiongeza taa ongeza kwa banda zima, usije ukalinganisha wa gizani na wa kwenye taa ukasema huyu ana jeni mbovu.

Hatua ya 3: Kila kuku awe na namba

Pete za plastiki za mguuni zinatosha. Andika namba, na rangi ya pete iwe ndo ukoo: mabinti wa tetea namba 4 wote pete za bluu, wa namba 9 nyekundu. Vifaranga wa siku moja pete inawavuka, hao unatoboa utando wa katikati ya vidole vya mguu, tundu la kulia nje ukoo huu, la kushoto ndani ukoo ule, wakikua unawavalisha pete. Usitegemee rangi ya manyoya kwamba "huyu mweupe ni wa yule mweupe", kwenye banda lenye majogoo wawili hapo unajidanganya.

Hatua ya 4: Jua nani kataga

Hii ndo kazi yenyewe na hapa nitakaa.

Ukiwa na matetea 30 na kila siku unaokota mayai 12 unajua banda linataga, hujui nani anataga. Inawezekana 14 wanakufanyia kazi yote na 16 wanakula bure. Kuna njia mbili za kujua bila gharama kubwa.

Ya kwanza ni kiota cha mtego. Chukua mbao chakavu, tengeneza boksi upana sentimita 30, kina 40, urefu wa kwenda juu 35, ndani weka nyasi kavu. Mlangoni ning'iniza kipande cha ubao mwepesi kwa waya juu, kishikiliwe na kijiti chembamba kiasi kwamba tetea akiingia mgongo wake unagusa ubao, kijiti kinateleza, mlango unajifunga nyuma yake. Anataga kwa utulivu, anakaa mle mpaka uje. Unamtoa, unasoma pete, unaandika, unategesha upya. Kiota kimoja kwa kila matetea wanne hivi, na lazima upite kila baada ya saa moja au mbili kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana, mana joto la Lindi ukimsahau ndani ya boksi anakufa. Kama hakuna mtu wa kupita, usitumie njia hii.

Ya pili ni kupapasa alfajiri. Yai linachukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa, na kati ya hizo kama saa 20 linakaa kwenye sehemu ya kuwekewa gamba. Kwahiyo tetea atakayetaga leo, alfajiri yai lake lina gamba tayari. Nawa mikono, kidole cha shahada kipake mafuta kidogo, ingiza taratibu kwenye tundu la kutagia, kama lipo utaligusa, gumu na mviringo. Bibi mmoja wa pale Nyangao anafanya hivi kila siku kabla ya swala, wenye yai anawafunika kila mmoja na tenga lake, wengine anawafungulia. Saa nne asubuhi anafunua matenga na kila yai lina mwenyewe. Hana kiota cha mtego hata kimoja na rekodi zake ni safi.

Huna haja ya kupima mwaka mzima. Siku tatu kwa wiki, siku zilezile kila wiki, kuanzia yai la kwanza mpaka tetea afikishe miezi sita ya kutaga, inakupa picha ya kutosha, mana anayeanza vizuri kwa kawaida anaendelea vizuri.

Kwa wale ambao hawawezi hata hivyo, kuna kipimo cha vidole cha kuondoa wavivu tu: shika mifupa miwili ya nyonga pembeni ya tundu la kutagia. Vikiingia vidole viwili au vitatu katikati, huyo yuko kwenye kutaga. Kikiingia kimoja kwa shida, hatagi kwa sasa. Hiki hakikuambii nani bora, kinakuambia tu nani amelala.

Hatua ya 5: Daftari lenyewe

Mistari saba inatosha: namba ya kuku, namba ya mama, namba ya baba, tarehe ya kutotolewa, tarehe ya yai la kwanza, mayai kila mwezi, na siku alizoatamia. Hiyo ya mwisho watu wanaiacha na ndo ya muhimu kwa mambo ya jeni tutakayoyasema. Andika siku alipoanza kung'ang'ania kiotani na kuvimbisha manyoya, andika siku alipoacha. Kama ni wa kundi la mayai na hutaki aatamie, muweke kwenye kizimba cha wavu kinachopitisha hewa chini ya tumbo, maji na chakula vipo, siku tatu mpaka tano anaacha. Lakini iandike kwamba aliatamia, usifute kwa sababu umemtibu.

Alafu linganisha kuku na wenzake waliototolewa wiki moja na walioishi banda moja. Tetea wa masika na tetea wa kiangazi hawalinganishwi.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya faida ya kuchagua

Idadi ya mayai inarithika kidogo. Kwenye kipimo cha kurithika kinachotoka 0 (hairithiki) hadi 1 (inarithika yote), tafiti nyingi zinaiweka kwenye 0.1 hadi 0.3, wakati uzito wa yai unafika karibu 0.5. Maana yake ukubwa wa yai utaubadilisha haraka, idadi utaibadilisha polepole.

Tuchukue mfano. Banda lako wastani ni mayai 50 kwa miezi sita. Umechagua matetea bora ambao wastani wao ni 65, wamezidi kwa 15. Ukiwapandisha na jogoo yeyote aliyepita njiani, ziada ya wazazi ni nusu tu, yani 7.5, zidisha kwa 0.2 unapata yai moja na nusu la ziada kwa kizazi. Sasa kama na jogoo umemtafuta wa kiwango hichohicho, ziada ni 15 nzima, mara 0.2 ni mayai matatu. Jogoo mmoja kaongeza faida mara mbili, na mabinti wake ni wengi kuliko wa tetea yeyote.

Mayai matatu kwa kizazi yanaonekana madogo, ila yanalimbikizana na hayarudi nyuma kama hujaacha kuchagua, na unapochelewa kidogo tu ukauza wazuri msimu wa unyago unayafuta yote.

Hatua ya 7: Jogoo hatagi, sasa utamjuaje

Swali hili ndo limezaa sayansi yote ya alama za jeni kwenye kuku wa mayai. Jogoo ana jeni za mayai kamili ila hana yai la kukuonesha. Kuna njia tatu za kumsoma: mama yake alitaga vipi, dada zake wanataga vipi, na baadae mabinti zake watataga vipi. Upana wa kifua na sauti ya kuwika havisemi lolote juu ya mayai.

Alafu kuna jambo la kromosomu, yani nyuzi zinazobeba jeni, ambalo mfugaji akilijua linamsaidia. Kuku ana jozi 39 za kromosomu. Kwetu binadamu mwanaume ndo mwenye kromosomu mbili tofauti za jinsia, kwa kuku ni kinyume: jogoo ana Z mbili, tetea ana Z moja na W moja. Binti anapata W kwa mama na Z yake pekee anaipata kwa baba. Z ya mama inaenda kwa watoto wa kiume tu. Kwahiyo kwa zile jeni zilizokaa kwenye Z, tetea wako bora hawezi kumpa binti yake moja kwa moja, anampa kijogoo, na kijogoo ndo anawapa mabinti zake. Jeni ya kipokeo cha prolaktini, homoni inayohusika na kuatamia, iko hukohuko kwenye Z. Ndo mana kijogoo aliyetoka kwa tetea wako namba moja usimpeleke sokoni Mnazi Mmoja kwa sababu tu hela imehitajika.

Hatua ya 8: Zuia ndugu kupandana

Jogoo mmoja kwa matetea kumi ni sawa kwa kupandisha, ila kama ndo jogoo pekee na unabakiza watoto wake, hesabu ni hii: gawa 1 kwa 8 mara idadi ya majogoo, jumlisha na 1 gawa kwa 8 mara idadi ya matetea. Jogoo 1 na matetea 10 inakuja asilimia 13.75 ya undugu kwa kizazi kimoja, hiyo ni balaa, mayai hayatotoi na vifaranga wanakufa. Majogoo 4 na matetea 40 inashuka hadi asilimia 3.4.

Huna nafasi ya majogoo wanne? Ungana na wenzako wawili. Nyumba A inapeleka vijogoo vyake bora nyumba B, B inapeleka C, C inarudisha A, kila mwaka mzunguko uleule, matetea hawatoki kwao. Watu watatu wanaoaminiana Nanyamba au Ruangwa wanaweza hii bila kununua chochote. Kabla jogoo hajaingia banda jipya mtenge wiki mbili, na awe amechanjwa.

Hatua ya 9: Tumia alama zinazoonekana kwa macho

Kabla ya maabara, kuna jeni zimejiandika juu ya kuku.

Kishingo, yule wa shingo isiyo na manyoya, ni ya kwanza kwa hali ya hewa yetu. Hiyo jeni inapunguza manyoya, kuku mwenye nakala moja (kaipata kwa mzazi mmoja) manyoya yanapungua kama asilimia 20, mwenye nakala mbili (kwa baba na kwa mama) kama 40, joto linatoka mwilini kwa urahisi na kwenye joto la pwani anakula vizuri wakati wenzake wanahema. Kutofautisha ni rahisi: mshike, angalia mbele ya shingo juu kidogo ya gole. Ukiona kishada kidogo cha manyoya kimebaki peke yake, huyo ana nakala moja. Shingo ikiwa tupu kabisa, ana mbili. Wa nakala moja ukimpandisha na wa kawaida, nusu ya vifaranga wanatoka vishingo. Wa nakala mbili, wote wanatoka vishingo. Sokoni wengine wanawabeza vishingo kwamba wana sura mbaya, mimi nasema waletwe.

Kidimu, yule wa manyoya ya kupinda, naye anapoza mwili, ila usipandishe kidimu kwa kidimu, wale wa nakala mbili manyoya yanakatika hovyo wanabaki uchi.

Alafu kujua jinsia mapema. Tetea mwenye milia aina ya Plymouth Rock ukimpandisha na jogoo mwekundu asiye na milia, vifaranga wote wanatoka weusi ila madume wana doa jeupe kichwani na majike hawana. Siku ya kwanza tu umeshajua wa kulisha kwa ajili ya mayai na wa kuuza nyama. Ukigeuza, jogoo awe wa milia na tetea mwekundu, haifanyi kazi, wote wanatoka na milia. Sababu ni ileile, jeni ya milia iko kwenye Z.

Hatua ya 10: Elewa alama ya DNA kabla hujailipia

Mwaka 2004 wanasayansi walichapisha ramani ya jeni zote za kuku, karibu herufi bilioni moja za DNA, yani maandishi ambayo jeni zimeandikwa nayo, kutoka kwa kuku mwitu mwekundu wa Asia ambaye ndo babu wa kuku wetu. Baadae zikaja chipu za kusoma maeneo mengi kwa mpigo, ya mwaka 2013 inasoma sehemu laki sita kwenye kuku mmoja. Kampuni kubwa za mbegu ndo zinatumia hizo kuchagua vijogoo wakiwa bado wadogo.

Alama ya jeni ni ile herufi au kipande ambacho kuku wanatofautiana na kinakuelekeza kwenye jeni unayoitafuta. Ni sawa na kuelekezwa nyumba kwa mwembe. Mwembe sio nyumba, ila ukiuona unajua umefika. Ukienda kijiji kingine mwembe upo na nyumba haipo. Ndo mana alama iliyofanya vizuri kwa kuku wa China au wa Ulaya haimaanishi itafanya vizuri kwa kuku wa Tandahimba mpaka ipimwe Tandahimba.

Mfano wa alama iliyofanikiwa kabisa ni harufu ya samaki kwenye mayai. Kuna kuku wa mayai ya kahawia ambao wana hitilafu kwenye jeni moja inaitwa FMO3, hawawezi kuvunja kemikali fulani yenye harufu ya samaki, inaingia kwenye yai. Hitilafu ilijulikana mwaka 2005, kipimo kikatengenezwa, na wazalishaji wa mbegu wakaanza kuwaondoa wenye nayo. Kwetu tunaolisha dagaa na vichwa vya samaki vya feri, mteja akilalamika yai linanuka angalia kwanza umezidisha dagaa kiasi gani, ila kama ni tetea mmoja tu mayai yake yananuka na wenzake wanaokula naye hayanuki, shuku jeni na usimuweke kwenye mbegu.

Pale ilikuwa rahisi sababu jeni ni moja. Idadi ya mayai ni jeni nyingi sana, kila moja inachangia kidogo. Iliyochunguzwa sana ni prolaktini. Kwenye sehemu inayoiwasha jeni hiyo kuna kipande cha herufi 24 ambacho kuku wengine wanacho na wengine hawana. Kwenye baadhi ya koo, wenye kipande walionekana kuatamia kidogo na kutaga zaidi, kwenye koo nyingine tofauti haikuonekana. Kwahiyo mtu akikuuzia kipimo cha prolaktini na kukuahidi mayai 200, usimpe hela.

Hatua ya 11: Kama mnapima, pimeni hivi

Usipime peke yako na kuku 20, haitakuambia kitu. Kikundi cha wafugaji wenye kuku mia kadhaa walio na madaftari ndo kinaweza. Ongeeni na afisa mifugo wa wilaya, ulizeni kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI Naliendele na Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro nani anaweza kuwapokea na kwa utaratibu gani. Kupeleka sampuli nje ya nchi kuna taratibu zake za vibali, msijifungie bahasha wenyewe.

Damu inachukuliwa kwenye mshipa wa chini ya bawa, na ni vizuri afanye mtaalamu. Msaidizi anamlaza kuku ubavu, anafungua bawa, manyoya madogo yanaloweshwa spiriti, mshipa unaonekana wa bluu unapita juu ya kiwiko. Sindano nyembamba, tone moja au mawili kwenye kadi ya karatasi maalumu, alafu bonyeza pamba mpaka damu ikate. Tone linatosha kwa sababu chembe nyekundu za damu ya kuku zina kiini, tofauti na zetu, kwahiyo tone dogo limejaa DNA. Kadi ikauke kivulini kabisa kabla ya kuingia kwenye bahasha ya karatasi, unyevu wa pwani ukiifunga mbichi kwenye nailoni inaota ukungu. Namba ya kadi iwe namba ya pete, andikeni hapohapo, sio jioni nyumbani.

Na hapa nisisitize: chukueni sampuli za wataga wazuri na za wabovu pia. Watu wanapeleka damu za kuku bora tu, alafu majibu yakija wote wana alama fulani wanashangilia, kumbe hata wale wabovu waliobaki bandani wanayo. Majibu yakitoka wagawe matetea makundi matatu, wenye nakala mbili za alama, nakala moja, na wasio nayo, kila kundi piga wastani wa mayai na wa siku za kuatamia kutoka kwenye madaftari, kwa waliototolewa pamoja. Wastani ukipanda hatua kwa hatua kutoka kundi hadi kundi, na nyumba zote zinaonesha hivyo, hiyo alama ina kazi kwenu. Ukiyumbayumba, iacheni.

Hatua ya 12: Mahali alama inapolipa

Kwa tetea, daftari na alama vikigombana fuata daftari, yai umeliona. Faida ya alama iko kwa vijogoo ndugu. Chukua vijogoo wanne wa mama mmoja na baba mmoja: rekodi ya mama ni moja, dada zao ni walewale, kwa daftari wote wanne wako sawa na huna pa kuwatofautishia. Ila kila mmoja amebeba mchanganyiko wake wa jeni za wazazi, na hilo ni damu tu inayoweza kulionesha wakiwa bado wadogo. Hapo ndo unapobakiza wawili wenye alama iliyothibitika bandani kwenu na kuuza wawili, badala ya kubakiza aliyewika kwanza.

Waliobaki wape matetea wa kiwango sawa, kila jogoo na chumba chake, mayai yaingie kwa walezi wiki moja ili mabinti wawe rika moja. Mitemba wa kienyeji wanaanza kutaga miezi sita mpaka minane, anza kuwapapasa mapema, linganisha mabinti wa jogoo huyu na wa yule kwa miezi mitatu ya kwanza. Jogoo ambaye mabinti zake wako chini anaingia kwenye tenga hata kama karatasi ya maabara ilimsifia, na kaka yake anapelekwa nyumba ya pili kwenye mzunguko kabla malipo ya korosho hayajatoka.